Marehemu Amekuja Kupiga Kura

Jumapili, tarehe 9 Machi. Asubuhi hiyo mvua iliyochanganyika na theluji ilinyesha Dubova Glava tangu alfajiri, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye vigae vya shule.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipofikia. Kwa anayeanza leo nitasema kwa kifupi.

Mimi ni Stamena, karani wa daftari la wapigakura katika manispaa moja ya milimani, mashariki mwa Serbia. Kwetu ni Banat, nchi tambarare, na huku nilikuja kwa ajili ya kazi. Kazi yenyewe niliipata nikiwa mtu mzima, baada ya kumaliza sekondari kwa madarasa ya jioni, nikikaa dawati moja na vijana wa rika la mwanangu. Miaka yote ya masomo nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, anipe kazi ya kukaa chini na kushika kalamu. Akanipa.

Vuli iliyopita magazeti yalitucheka, kwamba kwetu wafu wanapiga kura. Mkuu wangu, Vukoman, mkurugenzi wa manispaa, akaniamuru nisafishe daftari, na haraka. Watoto wa vijiji hivi wako Vienna. Wazazi wakifa, hakuna anayekuja ofisini kutoa taarifa. Sheria inataka cheti cha kifo kwa kila jina linalofutwa. Vukoman akasema, "Wewe andika. Vyeti vitafuata."

Nikapanda hadi Dubova Glava, nikaingia makaburini na kunakili majina yaliyochongwa kwenye mawe. Siku hiyo hiyo nilikuta karamu ya marehemu kando ya kaburi la mzee mmoja, Trailo Balanović. Nilikaribishwa, nikala, nikamwombea. Kesho yake nikamfuta, yeye na wenzake. Saini ilikuwa yangu peke yangu. Vukoman hakutia hata alama ya kalamu.

Sasa, Jumapili ya uchaguzi wa bunge, Vukoman alikuwa amenipanga niwe msimamizi wa kituo cha kijiji hicho hicho.

Jambo moja mlijue mapema. Msimamizi haruhusiwi kutoka kituoni mpaka kura zihesabiwe. Nalisema kwa sababu siku ile ningekimbia.

Tulikuwa watatu mezani, katika darasa la shule ya kijiji. Mimi katikati. Kushoto kwangu mwalimu Slavka, msichana mpole, yeye ndiye aliyeshika orodha ya wapigakura. Kulia alikaa Gvozden, muuza nyama, mjumbe kutoka chama cha upinzani. Mikono yake ilikuwa minene kama mikate, na ulimi wake haukupumzika. Jiko la kuni liliwaka pembeni. Sanduku la kura lilikuwa mbele yetu, limefungwa na kutiwa lakiri.

Watu wachache walikuwa wamekwisha kupiga kura wakati mlango ulipofunguliwa, akaingia mzee mwenye kofia ya manyoya, na mkewe nyuma yake amebeba kikapu.

"Mungu awe msaada wenu!" akasema mzee.

"Akusaidie na wewe," tukajibu.

Nilimtambua mara moja. Ndiye aliyekaa kichwani mwa meza siku ile ya karamu, kaka wa marehemu. Alifanana na picha iliyobandikwa kwenye jiwe kuliko pacha anavyofanana na pacha. Nakumbuka hata nilimwambia, "Mnafanana sana," naye akajibu, "Wengi husema hivyo, binti. Kula."

Nikasimama kwa heshima. "Karibu, mzee. Sijakuona tangu ile siku. Mmepoa kidogo na msiba?"

"Msiba upi?"

"Wa kaka yako. Marehemu Trailo."

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama Gvozden. Gvozden akaweka kikombe chake cha kahawa mezani polepole, kama mtu anayeogopa kukimwaga kwa kicheko.

"Sina kaka," akasema mzee. "Trailo ni mimi."

Rangi ilinitoka usoni. Nilihisi hivyo, na Slavka akaniambia baadaye kwamba hata yeye aliiona ikitoka.

"Lakini... nilikuja kwenye karamu yako," nikasema. "Kulikuwa na jiwe. Kulikuwa na picha yako."

"Na divai ilikuwepo, ukainywa," akasema Trailo. "Nilikumiminia mwenyewe."

"Nilisema Mungu amrehemu Trailo, na wewe ukaitikia amina!"

"Ulitaka nikatae rehema?"

Gvozden alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika meza.

Mke wa Trailo, Florika, akanionea huruma. "Binti, wewe si wa huku. Sisi Wavlahi mtu hujifanyia karamu yake angali hai. Hujenga na kaburi lake, akachagua na picha anayoipenda. Akisubiri afe, atajuaje kama wamempikia vizuri?"

"Na mwaka wa kifo?" nikauliza. "Kwenye jiwe hapakuwa na mwaka wa kifo."

"Sasa ungechongwa vipi, binti? Nani anaujua?"

Mimi, wasomaji wangu, nilipoiona ile nafasi tupu baada ya mwaka wa kuzaliwa, nilidhani fundi hajamaliza kazi. Na siku ile sikunakili jiwe moja tu.

Slavka alikuwa amechukua kitambulisho cha mzee, akapitisha kidole chake kwenye orodha. Akapitisha tena. Akaninong'oneza, "Dada Stamena, hayumo."

"Tafuta vizuri, mwalimu," akasema Trailo. "Balanović. Tuko wengi."

"Mama Florika yupo. Wewe hupo, mzee."

"Sipo wapi? Nimesimama hapa na viatu vyangu vinadondosha maji kwenye sakafu yenu."

Gvozden akachukua ile taa yetu ndogo tunayomulikia vidole kuona kama mtu ameshapakwa wino wa kura, akammulika Trailo usoni. "Tuhakikishe kwanza. Mzimu hauna kivuli."

"Weka taa chini, Gvozden," nikasema.

"Nimeweka. Kivuli anacho." Kisha sauti yake ikalainika ghafla. "Sasa dada, ya nini kumsumbua mzee? Kijiji kizima kinamjua. Mpe karatasi apige kura yake, aende nyumbani akaote moto."

Kwa kweli moyo wangu ulisema asante. Niliona ni mlango wa kutokea. Nikashika karatasi ya kura, nikaanza kuinyanyua.

Slavka akaniwekea mkono juu ya mkono. "Dada, asiyekuwemo kwenye orodha akipiga kura hapa, kituo kizima kinafutwa. Watu wote watarudia."

Nikamgeukia Gvozden. Alikuwa anatabasamu. Chama chake hakijawahi kushinda Dubova Glava.

Nikarudisha karatasi mahali pake.

"Nimeelewa," akasema Trailo, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo. "Nikipiga kura, kijiji kizima hakijapiga. Nisipopiga, mimi nimekufa."

"Leo hatuwezi kuongeza jina, mzee. Daftari limefungwa. Hata waziri mwenyewe hawezi."

"Basi ngoja nikae nifikirie."

Akavuta kiti cha mwanafunzi, akakiweka baina ya meza yetu na sanduku, akakaa. Magoti yake yalifika karibu na kidevu. Florika akaweka kikapu chini na kusimama nyuma yake.

"Mama Florika, wewe unaweza kupiga kura," nikasema.

"Nipige kura mume wangu hajazikwa? Watu watasemaje?"

Walioingia baada ya hapo walipiga kura, wakamwona Trailo, wakauliza, wakaambiwa. Hakuna aliyerudi nyumbani. Walijipanga ukutani, chini ya picha ya Mtakatifu Sava, makoti yakitoa mvuke.

"Trailo, huko ulikotoka kuna joto?"

"Kuna joto, na hakuna foleni."

"Umemwona baba yangu?"

"Nimemwona. Anauliza shoka lake uliliuza kwa nani."

"Florika, sasa wewe mjane. Mimi nina ng'ombe wawili!"

"Una ng'ombe wawili na jino moja. Kaa kimya."

Walicheka, nami nikajaribu kucheka nao, mdomo ukakataa. Kisha Trailo akainua mkono, na chumba kikatulia.

"Binti. Nani alinifuta?"

"Ni kosa la ofisi, mzee."

"Ofisi ina mikono?"

Nikasema naomba nipige simu. Nilikwenda pembeni mwa darasa, nyuma ya ubao, kwa kuwa nje siruhusiwi. Nikampigia Vukoman, nikamweleza kwa sauti ya chini.

"Mwambie alihamia Vienna," akasema Vukoman bila hata kuvuta pumzi. "Si ana binti huko? Watu wote wana binti huko. Alihamia, ndiyo maana jina likatoka. Hakuna kosa, hakuna mkosaji."

"Mkuu, amekaa hapa mbele yangu."

"Waliohamia hawakai? Sikiliza. Mimi niko njiani, nampeleka mama yangu kupiga kura hapo hapo kwenu. Nakuja na karatasi. Anasaini kwamba alibadilisha makazi, basi, yamekwisha."

"Lakini si kweli."

Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Stamena, ile hati ya kufuta majina ina saini ya nani?"

"Yangu."

"Ya nani mwingine?"

"Ya mtu mwingine hamna."

"Umesoma jioni miaka mingapi upate kile kiti? Usikiangushe kwa sababu ya mzee mmoja wa mlimani." Akakata simu.

Nikabaki nyuma ya ubao. Nilijishika kifuani, nikafanya ishara ya msalaba. Ee Mama wa Mungu, nikasema, ulinitoa katika kazi ya kusafisha ngazi za watu ukaniketisha mezani, je, ulinitoa ili nije kuanguka mbele ya umati huu? Sikusikia jibu. Nilisikia Gvozden akiagiza kahawa nyingine.

Niliporudi, Florika alikuwa amefungua kikapu na kukata vipande vya andazi la jibini. Trailo akanisogezea kipande kikubwa kwenye kona ya meza.

"Kula. Umekuwa mweupe kuliko mimi marehemu."

"Siwezi, mzee."

"Siku ile uliweza. Ulikula kwa imani, nilikuona. Nikamwambia Florika, yule mgeni ananiombea kweli, sio kama hawa wanaokuja kwa ajili ya nyama."

Nikashindwa kujizuia. "Nimekuombea tangu siku ile, mzee. Kila Jumapili nilikuwashia mshumaa kanisani."

"Juu au chini?"

Mnajua kwamba kanisani mishumaa ya walio hai huwashwa juu, na ya waliokufa chini, kwenye mchanga.

"Chini," nikasema.

Trailo akashika goti lake. "Florika! Nilikuambia hili goti halikuanza kuuma bure!"

Chumba kikaangua kicheko. Lakini yeye mwenyewe aliacha kucheka kabla ya wengine. Akainama kuelekea kwangu, akasema kwa sauti ambayo mimi na Slavka tu tuliisikia.

"Binti, mimi sitaki kesi. Nina miaka sabini na zaidi. Nilifanya karamu yangu ili nisiwe na hofu, siku ikifika niende nikijua yote yamepangwa. Lakini kufa nataka nife mwenyewe. Sitaki kuuawa mezani na mtu ambaye hataki kusema jina lake. Nitatoka hapa bila kupiga kura na kijiji hakitapata hasara. Ila kwanza mtu aniambie ukweli. Ni hilo tu."

Ni hilo tu! Angeniomba figo ningeitoa kwa urahisi zaidi. Maana nikisema nilimfuta bila cheti, swali la pili litakuwa je, wengine? Na wale wengine niliowatoa kwenye mawe, sikujua ni wangapi wao wako jikoni kwao wakikoroga uji wa mahindi.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Ndipo nje gari likapiga honi.

Vukoman aliingia akipangusa theluji kwenye koti lake refu, amemshika mkono mama mmoja mnene aliyefunga kitambaa cheusi chini ya kidevu. Watu wakawapisha. Mama yake alikaribishwa kiti karibu na jiko. Vukoman akasalimia huku na huku kama bwana harusi, kisha akatoa karatasi kwenye mkoba na kuiweka mbele ya Trailo.

"Mzee Trailo! Samahani sana kwa usumbufu. Ni jambo dogo la ofisi. Ulibadilisha makazi ukahamia kwa binti yako Vienna, jina likatoka huku. Saini hapa kuthibitisha."

"Mimi sijawahi kuvuka Danube," akasema Trailo.

"Kwa karatasi tu."

"Hata kwa karatasi. Nina mbuzi."

Vicheko vikaanza. Vukoman akainua sauti kidogo, bado anatabasamu. "Ukisaini, wiki hii hii nakurudisha daftarini, mimi mwenyewe. Usiposaini, lazima uchunguzi ufanyike. Watauliza kama uko hai. Wakiuliza hilo, kila ofisi itasubiri jibu. Ofisi ya pensheni pia. Inaweza kuchukua mwaka mzima."

Kicheko kikakatika. Florika akaweka mkono begani kwa mumewe. "Saini, Trailo. Tumeishi na mengi mabaya kuliko Vienna."

Trailo hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi.

"Binti, wewe ulikula mkate wangu. Sitamwuliza mwenye koti, nakuuliza wewe. Nisaini?"

Nilimwona Vukoman kwa pembe ya jicho. Aligongagonga kidole mahali ambapo saini huwekwa, mara moja, mara mbili, basi.

Nikaona dawati langu la ofisini. Nikaona ule usiku nilioleta cheti cha sekondari nyumbani, mwanangu akakiweka kando ya ikoni, picha takatifu ya nyumbani.

"Saini, mzee," nikasema.

Mnisamehe, na Mungu anisamehe. Nilisema hivyo, kwa sauti yangu, mbele ya watu wote.

Uso wa Trailo haukubadilika. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea habari ya kifo cha mtu wa mbali. Akachukua kalamu. Akainama juu ya karatasi.

"Haya, nanyi mtasainishana mpaka lini?" akasema mama yake Vukoman kutoka kando ya jiko. "Mimi miguu inaniuma. Nipigisheni kura nirudi, nimeacha maharage motoni."

"Mwalimu, mhudumie mama," akasema Vukoman.

Slavka akapokea kitambulisho. Kidole chake kikashuka kwenye orodha. Kikapanda. Kikashuka tena. Nikaona shingo yake ikianza kuwa nyekundu.

"Nini tena?" akauliza Vukoman.

Slavka alinitazama kana kwamba anazama na mimi nimeshika kamba. "Hayumo," akasema.

"Hayumo nani?"

"Mama. Stanija Durlić. Hayumo kwenye orodha."

Durlić! Sikuwahi kujua kwamba mama wa mkurugenzi aliolewa mara ya pili na hana jina moja na mwanawe. Lakini jina lile nililijua. Niliona tena lile jiwe jeusi makaburini, picha mbili, mwanamume na mwanamke, mwanamke amefunga kitambaa chini ya kidevu. Chini ya mwanamume miaka miwili imechongwa. Chini ya mwanamke mwaka mmoja tu, wa kuzaliwa. Nikakumbuka nilivyopiga magoti kwenye matope, nikawaandika wote wawili.

Ndiye huyu alikuwa ameketi karibu na jiko, kitambaa kile kile.

Kalamu ya Trailo ilikuwa imesimama.

"Mama Stanija," akasema Trailo kwa furaha aliyojaribu kuificha, "karibu kwetu. Sogea, nafasi ipo."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema umekufa. Mimi nimekutangulia kidogo tu."

Watu hawakucheka. Bibi Stanija aliinuka polepole, akishika ukingo wa dawati. Alikuwa mfupi, lakini chumba kizima kilionekana kupungua.

"Vukoman."

"Mama, ni kosa dogo la..."

"Mwaliko wa kura, ile barua anayoletewa kila mpigakura, haukuja, nikasema tarishi amelewa tena. Kumbe nimeuawa." Akasogea hatua moja. "Mimi nilijenga jiwe lile kwa pesa yangu ya maziwa. Nilijenga ili usisumbuke. Wewe ndiye mkuu wa hiyo ofisi. Nani kaniua?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Mkuu wa ofisi hajui? Au ulikuwa unajua, ukaniacha nije kuaibika mbele ya majirani?"

"Naapa sijui!"

Na wasomaji wangu, alikuwa anasema kweli. Hakujua. Hakuwahi kuisoma ile orodha niliyompelekea. Alisema tu, "Umemaliza? Vizuri," akairudisha mezani kwangu.

Gvozden akasimama. Alikuwa amesahau kahawa. "Mkurugenzi, jibu mama. Hata sisi tunataka kusikia. Leo wako wawili. Nyumba zenye watu wasiopata mwaliko ziko ngapi?"

"Mimi sikupata!" sauti ikatoka ukutani.

"Na shangazi yangu hakupata, tukadhani ni posta!"

Vukoman aligeuka kuwatazama, akageuka kumtazama mama yake, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Nilimwona akitafuta pa kutokea, kama nilivyotafuta mimi asubuhi nzima. Kisha akapata. Nilijua amepata kwa sababu macho yake yalitua kwangu.

Akavua kofia. Akaweka mkono kifuani.

"Mama," akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Nanyi majirani, mtakuwa mashahidi wangu. Naahidi mbele yenu kwamba aliyefanya jambo hili, awe mdogo awe mkubwa, kesho atasimama mbele ya mwendesha mashtaka. Sitamkinga mtu. Hata akiwa wa ofisini kwangu."

"Awe mkubwa," akarudia Bibi Stanija. "Mmesikia?"

"Tumesikia," watu wakasema.

Gvozden alitazama sakafu. Slavka alianza kulia bila sauti. Trailo aliweka kalamu chini, bila kusaini, akakunja mikono, akaningoja. Hakuniuliza tena. Mtu anapokuuliza mara moja ukamdanganya, hana sababu ya kukuuliza mara ya pili, na mimi nilijua kama sitasema sasa sitasema kamwe.

Nilijaribu kusali, sikupata maneno. Nikasimama bila maneno.

"Kaa chini, Stamena," akasema Vukoman.

"Mzee Trailo," nikasema, "usisaini. Nilikuambia usaini kwa sababu niliogopa. Wewe hukuhamia popote. Mkono uliokufuta ni huu hapa."

Florika akafunika mdomo.

"Mama Stanija, na wewe pia. Nilikuandika nikiwa nimepiga magoti mbele ya jiwe lako. Niliona picha, nikadhani umelala chini yake."

"Mmesikia wenyewe," akasema Vukoman haraka. "Amekiri. Mimi sina la kuongeza." Alinyoosha mkono nyuma, akashika komeo la mlango. "Mwalimu Slavka, utashika nafasi ya msimamizi. Stamena, vaa koti lako, twende kwenye gari. Tutazungumza njiani."

"Msimamizi haruhusiwi kutoka mpaka kura zihesabiwe," nikasema.

"Mimi nakuruhusu."

"Wewe huna mamlaka hapa ndani, mkuu. Leo hapa ndani mwenye mamlaka ni mimi."

Komeo likalia. Watu waliokuwa ukutani wakasogea, sikuelewa kama ni kunizuia au kunikinga. Trailo akainuka kwenye kile kiti kidogo, akasimama kando yangu, ananuka moshi na jibini.

"Sema yote, binti," akanong'ona. "Tumeanza kukusikia."

Nikazunguka meza yetu. Nikaweka kiganja juu ya sanduku la kura, maana hapakuwa na kingine cha kushika.

"Mkurugenzi ameahidi mbele yenu," nikasema, "awe mdogo awe mkubwa. Mimi ndiye mdogo. Sasa nisikilizeni na mimi, mwalimu, Gvozden, mama, mzee, nyote mlioko ukutani. Naahidi mbele ya Mungu na mbele ya macho yenu: kesho nitakwenda kwa mwendesha mashtaka kwa miguu yangu, nitamtajia kila mtu niliyemfuta angali hai, na nikimaliza nitamtaja mkubwa aliyeniamuru."